Binti anataka useremala: akajifunzie wapi, na kazi yenyewe ikoje

Mkuu, umesema binti yako kamaliza kidato cha nne, anataka useremala, ndugu wanapinga kwamba hiyo ni kazi ya kiume, na wewe hujui umpeleke VETA, yaani chuo cha ufundi stadi cha serikali, au umkabidhi kwa fundi wa mtaani. Waliotangulia wamekujibu habari za ada na ajira. Mimi ni fundi samani, nilianzia Tanga kwenye mbao za msaji, yaani tiki, sasa niko Dar. Naomba nikujibu kwa upande wa kazi yenyewe, maana ukiijua kazi utajua pia cha kutazama unapomtafutia pa kujifunzia.

Nianze na hilo la ndugu. Nguvu inatakiwa, sikatai. Lakini ubao mbichi wa mkongo wa inchi 2x12 hauinuliwi na mtu mmoja, awe nani, na ndiyo maana karakana ina watu zaidi ya mmoja. Sehemu kubwa ya siku ya seremala ni jicho, mkono uliotulia na subira ya kupima tena kabla ya kukata. Wasichana niliowafundisha walikwama palepale wanapokwama wavulana, na mara nyingi hapo pa kwanza ni kwenye kunoa. Nitafika huko.

Useremala ni kazi nyingi ndani ya jina moja, na ni vizuri ajue mapema moyo wake uko wapi. Kuna mafundi wa kupaua, wanaoshinda juu ya kuta na kenchi na papi, ambao hesabu yao kubwa ni mwinuko wa paa na uzito wa bati au vigae. Kuna wa milango, madirisha na fremu. Kuna sisi wa vitanda, meza na makabati. Siku hizi wamejaa mafundi wa makabati ya jikoni wanaotumia MDF, yaani mbao za kiwandani za unga wa mti ulioshindiliwa, na plaiwudi, na hao kosa la milimita mbili linawaumbua, kwa sababu droo ya reli ikikosewa kidogo haiingii. Kuna wachongaji, kama wale wa mpingo pale Mwenge, na wale wa milango ya Unguja na Lamu.

Halafu kuna waunda majahazi, ambao nawaheshimu kuliko wote. Ukifika Nungwi, kaskazini mwa Unguja, utawakuta ufukweni wakifanya kazi bila mchoro wa karatasi. Mataruma, yaani mbavu za chombo, wanayachonga kwa tezo kutoka kwenye matawi yaliyopinda yenyewe mtini, ili nyuzi za mti zifuate mpindo mzima. Ukilikata taruma lilelile kutoka kwenye ubao ulionyooka, nyuzi zitakatika njiani na bahari italivunja hapohapo. Mianya ya mbao wanaijaza pamba yenye mafuta, ndiyo kalafati, mpaka maji yakose pa kupita. Hawa wanaijua mbao kwa ndani, na kuijua mbao ndicho kitu cha kwanza ninachotaka binti yako afundishwe, kabla hajaonyeshwa mashine yoyote.

Mbao hata ikishapasuliwa inaendelea kuvuta na kutoa unyevu kufuata hewa iliyopo. Inaponyauka inapungua upana, lakini urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Ubao wa paini wa inchi 10 ukitoka mbichi mpaka ukauke vizuri unaweza kupungua karibu sentimita moja upana. Mninga unapungua kidogo sana, na hiyo ni sababu mojawapo ya mafundi kuupenda miaka yote. Kwa hiyo mtu akikuambia kitanda chake ni imara kwa sababu ni "mbao ngumu" tu, bado hajakuambia kitu. Muulize ilikauka muda gani.

Niliwahi kuitwa Dodoma kutazama milango ya nyumba mpya. Ilitengenezwa Dar wakati wa masika, ikapigwa vanishi safi, ikapelekwa. Kufika Agosti paneli, yaani mbao za katikati zinazokaa ndani ya fremu ya mlango, zilikuwa zimepasuka katikati toka juu mpaka chini. Mwenye nyumba aliamini kauziwa mbao feki. Mbao ilikuwa msaji halali, ila haikuwa imekauka, na aliyeitengeneza alipaka gundi kwenye mfereji wa fremu pande zote nne. Hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kavu kuliko ya pwani. Paneli ikataka kusinyaa, fremu ikaishikilia, ikabaki njia moja tu, nayo ni kupasuka. Paneli inatakiwa iingie kwenye mfereji bila tone la gundi na iachiwe nafasi pembeni; kwa paneli ya inchi 10 mimi huacha kama milimita 3 kila upande. Na kingo za paneli zipakwe rangi au vanishi kabla ya kufunga fremu, ili siku ikisinyaa usionekane mstari mweupe ambao haukupakwa. Kitu kidogo hiki ndicho kinachoonyesha kama fundi anafikiria mlango utakavyokuwa miaka mitano ijayo, au anafikiria siku ya kulipwa tu.

Kukausha hakuhitaji utajiri. Mbao zinapangwa kivulini, zimeinuliwa kutoka ardhini, kati ya ubao na ubao kuna vibanzi vya inchi moja vilivyokaa juu ya vingine kwa mstari wa wima, upepo upite. Ncha zinapakwa rangi yoyote iliyobaki, kwa sababu unyevu hutoka nchani kwa haraka kuliko usoni na nyufa huanzia hapo. Kama hamna kipima unyevu, kateni kipande kirefu kutoka katikati ya ubao mmoja, mkipake rangi nchani, mkirudishe kwenye rundo, na mkipime kwenye mizani ya jikoni kila wiki na kuandika. Uzito ukiacha kushuka, mbao imelingana na hewa ya hapo mlipo, unaweza kuanza kazi. Shida inayotusumbua wote ni mteja anayetaka kabati Ijumaa kwa mbao iliyoshuka kwenye lori Jumatatu. Mimi kazi ya namna hiyo huikataa, na namweleza mteja kwa nini.

Kila mti una tabia zake na atazijifunza mmoja mmoja. Mvule una mawe magumu ndani yake, meupe, yanayomaliza makali ya randa mara moja, na vumbi lake linawasha. Paini na saipresi kutoka Mufindi na Njombe ni laini, zinarandika vizuri, ila paini ikikaa mbichi imebanana inaota madoa ya buluu. Msaji wa mashamba ya Longuza na Mtibwa una mafuta, kwa hiyo uso unaoungwa inafaa urandwe siku hiyohiyo kabla ya gundi. Kwenye miti mingi migumu, ule weupe wa pembeni ndio dumuzi wanaoupenda. Ukiona unga laini chini ya kabati jipya, anza kutafuta hapo.

Sasa kunoa. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapochoka, na hapa ndipo namjua atakayekuwa fundi. Upanga wa randa unasagwa kwenye mtelemko wa nyuzi 25 hivi, halafu makali yenyewe yanamalizwa kwenye jiwe kwa nyuzi 30, yaani unaunyanyua mgongo wake kidogo tu. Jiwe lazima liwe bapa. Likiwa na bonde, makali yatatoka na mviringo usioutaka. Weka maji au mafuta, sukuma kwa mikono miwili, uzito uwe karibu na makali. Baada ya muda pitisha kidole upande wa nyuma, kutoka mgongoni kwenda nje. Ukisikia kitu kinakwaruza mstari mzima kutoka kona mpaka kona, makali yamefika. Kikikwaruza nusu tu, rudi kwenye jiwe. Halafu geuza, ulaze upande wa nyuma bapa kabisa, uondoe huo mkwaruzo kwa misukumo michache. Jaribu kwenye kichwa cha paini, pale nyuzi zilipokatwa. Upanga butu unazivunja na kuacha unga. Wenye makali unaacha uso unaong'aa. Patasi ni vivyo hivyo. Fundi mwenye patasi butu anatumia nguvu, na patasi inayosukumwa kwa nguvu ndiyo inayoteleza na kuingia kwenye kiganja.

Siku ya kazi inakwendaje? Asubuhi tunafagia na kunoa. Kama kuna mbao za kununua, mtu anakwenda yadi na futi yake, anachungulia kila ubao kwa urefu wake kuona kama umejipinda, anakataa wenye kiini cha mti katikati. Risiti na vibali vya mbao vinakaguliwa, usiyaone hayo ni mambo ya wenye malori peke yao; mbao zisizo na hati zikikutwa kwako zitakuletea matatizo na watu wa misitu. Kisha ni kupasua, kunyoosha uso mmoja, kunyoosha ubavu mmoja uwe skwea, yaani pembe mraba, na ule uso, ndipo unene na upana vifuate. Ubao wa inchi moja ukitoka kwenye randa unakuwa kama milimita 20, kwa hiyo vipimo vya kazi vinahesabiwa kutoka hapo.

Maungio ni sehemu ninayoipenda. Ulimi, yaani ncha ya ubao mmoja inayoingia kwenye tundu la mwingine, unachukua takriban theluthi ya unene wa mbao, tundu linachimbwa kwanza kwa upana wa patasi uliyonayo, halafu ulimi unatengenezwa ulingane na tundu. Vikikutana, ulimi uingie kwa mkono karibu wote na umalizikie kwa nyundo ya mbao kidogo. Ukiingia wenyewe ni mlegevu, gundi haitakusaidia. Ukigongwa tangu mwanzo utapasua fremu. Kabla ya gundi tunaunga pakavu, tunapima pembe kwa pembe, vipimo viwili vikilingana ndipo fremu iko skwea. Msasa unaanza na namba 80 au 120 na kupanda mpaka 240, kwa kufuata nyuzi siku zote. Sila, yaani rangi ya awali ya kuziba vinyweleo vya mbao, msasa mwepesi, kisha vanishi. Wakati wa mvua vanishi ya kupuliza inaweza kugeuka nyeupe kwa unyevu wa hewa, basi siku hiyo tunafanya kazi nyingine. Umeme ukikatika, ni siku ya maungio ya mkono, na anayeyajua hakai bure.

Kuhusu usalama sitapunguza neno. Vumbi la mbao liliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, mwaka 1995, hasa saratani ya pua. Barakoa iwe ya kudumu, na vumbi lisipulizwe kwa mdomo. Kwenye msumeno wa duara asivae glavu, mikono ya shati iwe mifupi au imefungwa, nywele zifungwe, na kipande kifupi kisukumwe kwa kijiti. Karakana ikikuambia kinga ya msumeno iliondolewa kwa sababu "inachelewesha", mchukue mtoto wako muondoke.

Kwa hiyo VETA au mtaani? VETA atapata michoro, vipimo, usalama na cheti, na hayo mtaani mara nyingi hayafundishwi. Mtaani atapata kasi, wateja, na mbao za kila aina. Mimi ningempeleka VETA kwanza, na likizo zote akae karakanani. Kama uwezo hauruhusu, aanze mtaani bila aibu. VETA wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Akitaka kwenda mbali upande wa mbao na mashine zake, kuna chuo cha viwanda vya misitu, FITI, pale Moshi.

Ukienda kuichagua hiyo karakana, usikae mbele kwenye makochi yanayong'aa. Omba kwenda nyuma. Tazama mbao zimepangwaje, kama zina vibanzi au zimelundikwa juani. Omba kushika patasi ya fundi mkuu uone makali yake. Fungua droo ya kabati ambalo halijapigwa rangi, tazama kona zimeungwa kwa maungio au kwa misumari tu. Uliza wanafunzi waliomtangulia wako wapi sasa, na kubaliana mbele ya binti mwenyewe atafundishwa nini kila baada ya miezi michache, asije akamaliza mwaka anapiga msasa na kutumwa chai.

Akianza, mnunulie futi nzuri, skwea ya chuma, patasi ya nusu inchi, randa ndogo ya mkono na jiwe la kunolea lenye pande mbili. Mashine asinunue mwaka huu. Na kama mko Dar, andika hapa mko upande gani. Nitakutajia kwa ujumbe wa faragha karakana mbili ninazoziamini, uende ukazitazame wewe mwenyewe.