Kichwa cha Jumamosi si kichwa cha alfajiri

Mhariri, salamu kutoka Tanga. Mmeuliza wiki hii ni maumivu gani tuliyoyazoea mpaka siku moja yakatutia hofu, na tulifanya nini. Nilidhani nitajibu habari za vidole, maana vidole ndivyo vilivyonitangaza mtaani. Lakini vidole havijawahi kuninyima usingizi kwa woga. Kichwa ndicho kilichoninyima.

Mimi ni fundi cherehani, na huu ni mwaka wa sita naishi na baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inavigeukia viungo vyake yenyewe. Nameza methotreksati, inayoituliza kinga hiyo, mara moja kwa wiki, foliki, vitamini ya kupunguza madhara yake, siku nyingine, na prednisoloni kidogo kila asubuhi. Hizo ni dawa za daktari. Za kwangu mwenyewe zilikuwa diklofenaki ya maumivu ya viungo na vidonge vya kichwa, vile vya mchanganyiko vyenye kafeini ndani. Duka la dawa la jirani nilikuwa sina haja ya kusema kitu. Nikitokea tu, kijana anaanza kuhesabu.

Prednisoloni siwezi kuitukana. Mwaka 1948 daktari mmoja wa Mayo Clinic kule Marekani, Philip Hench, alimpa kotisoni, ndugu yake prednisoloni, mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hoi kwa viungo, na baada ya siku chache mgonjwa akawa anatembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa tuzo ya Nobel. Nilipohadithiwa hayo kliniki sikushangaa, kwa sababu mimi siku ya tatu ya vidonge nilifunga vifungo vya blauzi yangu mwenyewe, nikakaa kitandani nikalia. Ila dawa ya namna hiyo haikupi bure. Inapandisha presha, inapandisha sukari, na ukiikatisha ghafla mwili unaweza kuanguka, kwa kuwa tezi zinazotengeneza homoni ya mwili inayofanana nayo zinakuwa zimelala.

Kichwa kilianza kwa adabu. Ilikuwa Mfunguo Mosi, ndoa zimefuatana, vitambaa vimejaa mpaka juu ya friji. Nikidhani ni usingizi. Mama mkwe akasema ni husuda, nikanywa kombe. Jirani akasema macho, nikanunua miwani ya barabarani. Fundi mwenzangu akasema joto la bati. Nilipima malaria mara mbili, haikuonekana. Kila mtu alikuwa na jibu, nami niliyapokea yote na kuyateremshia kidonge.

Kisha kikaanza kuniamsha. Saa kumi alfajiri, kabla ya adhana, kichwa kinapwita toka kisogoni mpaka juu ya nyusi. Hapo ndipo hofu ilipoingia, kwa sababu mgonjwa anayepunguzwa kinga makusudi anajua mengi kuliko inavyofaa kuyajua saa kumi alfajiri. Kliniki tunakaa benchi moja, tunasimuliana. Nilishasikia kwamba kinga ikishuka, homa ya uti wa mgongo inaweza kuja polepole kwa wiki kadhaa na kichwa kikawa ndiyo dalili ya kwanza. Mume wangu amelala pembeni, mimi nainamisha kidevu kifuani kupima kama shingo imekaza. Kila usiku. Asubuhi simwambii mtu.

Sikungoja tarehe ya kliniki, na hilo najisifia. Daktari hakuniuliza kwanza kinauma kiasi gani. Kilikuja ghafla kama radi au polepole? Una homa? Unatapika? Unaona viwili viwili? Kuna mkono au mguu uliolegea? Umepungua uzito? Akanieleza kwa nini anauliza hata mambo ambayo sikuyalalamikia: anayetumia prednisoloni anaweza kuwa na maambukizi na homa isipande kama kwa mtu mwingine. Akanikunja shingo yeye mwenyewe, akanimulika ndani ya macho. Akaagiza picha ya shingo, moja nimeinama na nyingine nimenyanyua kichwa, kwani baridi yabisi ya miaka mingi inaweza kulegeza kiungo cha pingili mbili za juu kabisa, na maumivu yake hupanda kisogoni. Mimi fundi, shingo yangu hushinda imeinama. Nilitetemeka mpaka majibu yalipotoka. Pingili zilikuwa mahali pake.

Presha ndiyo haikuwa mahali pake: 168 kwa 102. Nilikuwa sijapimwa miezi minne, kwa sababu nilijiita mgonjwa wa viungo na presha niliwaachia wenye presha. Diklofenaki nayo huipandisha, na figo haziipendi. Akaiondoa siku ile ile.

Halafu akasema jambo lililoniudhi. "Mama, ukiniambia kinauma kila siku, sina cha kushika. Niandikie. Siku, saa, wapi, umemeza nini."

Sikununua daftari jipya. Nilitumia lile la vipimo vya wateja, ndilo liko mkononi siku nzima. Naandika K kwa kichwa, kisha namba kutoka sifuri mpaka kumi, kisha dawa. Wiki ya pili mwanafunzi wangu akaja na kitambaa begani na uso wa wasiwasi: "Shangazi, huyu wa kiuno inchi sita ni mtoto wa nani?" Tangu hapo naandika kwa kalamu nyekundu.

Mwezi ulipoisha nikaona kitu ambacho kichwa chenyewe hakikuwahi kuniambia: vilikuwa viwili. Kimoja ni cha Jumamosi. Kinakuja na kichefuchefu, kizito kama nimevaa ndoo, na Jumapili mchana kimeondoka. Methotreksati nilikuwa nameza Ijumaa usiku. Cha pili ni cha alfajiri, kila siku, kinatulia nusu saa baada ya kidonge, kinarudi. Na safu ya dawa ilionyesha nimemeza vidonge vya kichwa siku 23 kati ya 31.

Daktari aliihesabu mara mbili. Vidonge vya maumivu vya kawaida vikifika siku 15 kwa mwezi, au vya mchanganyiko siku 10, kwa zaidi ya miezi mitatu, kichwa kinaweza kuanza kuuma kwa sababu ya vidonge vyenyewe. Usiku dawa inakwisha mwilini, alfajiri kichwa kinadai chake. Nilikuwa nanunua ugonjwa kwa shilingi, kumi kumi, kwenye kikaratasi.

Cha Jumamosi kilikuwa chepesi kukitatua. Akaniongezea foliki, tukahamisha methotreksati Jumapili usiku, maana Jumamosi ndiyo siku wateja wanachukua nguo na Jumatatu hakuna anayekuja. Prednisoloni ikaanza kupunguzwa taratibu mno, miezi na miezi, huku presha ikipewa dawa yake.

Cha alfajiri, lo. Aliniambia nikiacha vidonge kitazidi kabla ya kupungua, na mimi nikaitikia tu kama mtu anayeitikia bei. Siku ya tatu nililala chini kwenye sakafu ya simiti, kanga imelowa nimejifunga kichwani, nikimchukia kila mwenye cherehani mtaani. Viungo navyo vilikuwa vinauma bila diklofenaki. Mwanafunzi alishona magauni mawili ya kitchen party peke yake, moja likapinda begani, na mwenyewe hakuona. Siku ya kumi na moja niliamka na adhana. Nikakaa nikisubiri kichwa kianze. Kikachelewa mpaka saa nne, kikaja na namba tatu.

Sasa nina K nne au tano kwa mwezi, na presha inacheza kwenye 130. Duka la dawa napita naye kijana ananisalimia vizuri zaidi.

Mvua za masika zilizopita kilikuja kimoja kisichofanana na wenzake: Jumanne, saa tisa alasiri, paji lote la uso, na baridi inayotetemesha meno. Sikukipa kidonge wala usiku mmoja. Nilifunga kibanda, nikapanda bodaboda na daftari kwenye pochi. Nesi aliuliza kimeanza lini, nikamsomea. Akauliza natumia dawa gani, nikamgeuzia jalada la nyuma nilikoziorodhesha zote, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, nimeandika nisipewe septrini, kwa kuwa dawa hiyo pamoja na methotreksati inaweza kuharibu uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Akanichoma kidole. Kipimo kikatoa mistari miwili: malaria ya kawaida kabisa. Nilicheka mpaka nesi akaniuliza kama niko sawa.