Benthosema huharibikia sitahani: kwa wanaoanza kazi ya sampuli

Benthosema pterotum ni kisamaki cha sentimita 7 hivi akikua sana, na Ghuba ya Oman imejaa yeye. Mchana hujificha kwenye kina kirefu penye oksijeni haba, usiku hupanda kula. Ndiyo maana wavu hushushwa usiku, tena karibu na uso wa maji.

Utambuzi hautegemei rangi. Unahesabu taa, zile nukta kama lulu ubavuni na tumboni, na ngozi ikichubuka taa nazo zimekwenda. Buruta wavu polepole, kwa muda mfupi. Wachague kwa kibano laini. Ukiwamwaga kwenye kreti na kuwakoroga, huna cha kuhesabu.

Kabla ya fomalini, dawa ya kuhifadhia samaki, kata nyama kidogo upande wa kulia, uitie kwenye ethanoli (alkoholi) ya 95%, kwa sababu fomalini huharibu DNA. Upande wa kushoto usiuguse, ndio wa kuhesabia.

Fomalini yenyewe: fomaldehaidi ya 37% sehemu 1, maji ya bahari sehemu 9, na boraksi hadi pH ikaribie 8. Wageni hupenda kuiruka boraksi. Fomalini ikikaa hugeuka asidi, na asidi hula mawe ya masikio, yale mawe madogo ndani ya kichwa cha samaki yenye pete za umri. Samaki huyu huishi kama mwaka mmoja tu, kwa hiyo umri wake husomwa kwa siku, pete moja moja. Ukingo wa jiwe ukiliwa, siku za mwisho zimepotea. Hata ukiweka boraksi, wale wa kusoma umri watenge kwenye ethanoli tangu mwanzo.

Pima kutoka ncha ya pua hadi pezi la mkia linapoanzia, maana ncha za pezi hukatika. Andika kama alipimwa mbichi au baada ya dawa, kwani dawa humsinyaza.

Kwenye hadubini, mwanga uje kwa pembeni. Benthosema ana taa 2 mwishoni mwa shina la mkia. Diaphus, samaki mwingine mwenye taa anayenaswa naye mara nyingi, ana 4. Ukiona 3, usiandike 3: tafuta kovu la iliyobanduka. Tezi ya mwanga juu ya shina la mkia ni dume, chini yake ni jike. Asiye na tezi ni mchanga bado, au amechubuka. Usimwite jike kwa kukisia.

Lebo iwe ndani ya chupa, kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli.