Kabla hujainua sururu

Punje yangu ya kwanza ya maana ya dhahabu niliipiga sururu katikati. Ilikuwa kwenye korongo kavu upande wa Manyoni, mwezi wa tisa, ardhi imekauka kama tofali la kuchoma. Mashine yangu ya kutambua metali ililia kwa sauti nyembamba na dhaifu, nami nikajiambia: sauti dhaifu, basi kitu kiko mbali chini. Nikainua sururu kwa nguvu zote. Kumbe kile kijiwe cheupe chenye dhahabu ndani yake kilikuwa vidole vitatu tu chini ya uso. Kikapasuka. Kipande kimoja nilikipata, kingine kiliruka na sikukiona tena, ingawa nilipitisha sahani, ile duara ya mashine inayohisi metali, pale mpaka jua likazama.

Mdogo wangu unayeanza kazi hii, somo langu ni hili: zana huchaguliwa na kina, na kina hupimwa kwa sikio na mkono kabla ya kuchimba. Ile namba ya kina unayoiona kwenye skrini ya mashine nyingi imepangwa kwa kitu chenye ukubwa wa sarafu. Kipande cha bati kilicho chini sana kitasomeka kama kiko juu, na punje ndogo iliyo juu itasomeka kama iko mbali. Tena namba hiyo huvurugika zaidi kwenye changarawe nyekundu yenye chuma, na huku kwetu tunayo tele. Kwa hiyo kabla ya yote ipatanishe mashine na ardhi ya pale unaposimama, yaani uirekebishe isilie kwa chuma cha udongo wenyewe, na uirudie kila udongo unapobadilika rangi.

Sasa sikiliza upana wa mlio, kwa sababu ukubwa wa sauti peke yake hautoshi. Punje ndogo iliyo karibu hulia kwa mkato: sahani ikipita tu, mlio umekwisha. Kitu kilicho chini hulia polepole, kwa sauti laini inayopanda na kushuka, na sahani huchukua nafasi ndefu kabla mlio haujakatika. Ukishaupata mlio, inua sahani. Ukiinua vidole vitatu ikanyamaza, na mlio ulikuwa wa mkato, kitu ni kidogo na kiko juu. Ukiinua shubiri nzima na bado inalia kwa nguvu, hapo kuna kitu kikubwa, na mara nyingi ni chuma chakavu.

Kisha fanya jaribio ambalo mimi sianzi kuchimba bila kulifanya. Kwangua udongo wa juu kwa ubavu wa kiatu, kama sentimita 3 hivi, usukume pembeni, halafu pitisha sahani tena. Mlio ukiongezeka, kitu kiko chini na umekikaribia. Mlio ukihamia kwenye ule udongo uliousukuma, tayari umekitoa, weka sururu chini. Mlio ukipotea kabisa, pale na pembeni, ilikuwa kelele ya ardhi yenyewe. Kiatu kisiwe na chuma kwenye ncha wala misumari kwenye soli, maana utakuwa unajitafuta mwenyewe.

Wazee wa hapa hupima punje kwa nafaka, nami nimeona ni kipimo kizuri. Punje ya ukubwa wa uwele usiitegemee zaidi ya sentimita 5, tena kwa mashine iliyopatanishwa vizuri. Punje ya ukubwa wa hindi inaweza kusikika mpaka karibu shubiri moja. Sahani kubwa hushuka zaidi, lakini huziacha zile za uwele, na kwenye udongo wenye chuma hukuletea kelele nyingi. Mgeni aanze na sahani ndogo au ya kati, ajifunze kusikia kwanza.

Ukishajua kina, zana zinajichagua. Mlio wa kitu kilicho juu, ule wa mkato, unahitaji kijembe cha mkono au bisibisi nene na kikombe cha plastiki. Mimi kikombe changu nimekata kwenye dumu la mafuta ya kula la lita 5, upande wenye mshikio. Usitumie kikombe cha bati, kitalia chenyewe. Mlio wa kitu kilicho chini ndio unaohitaji sururu, lakini usipige katikati. Weka alama pale sahani inapolia zaidi, ukiipitisha kwanza mashariki na magharibi, kisha kaskazini na kusini, halafu anza kuchimba shubiri moja kutoka kwenye alama. Shuka pembeni, kisha ulikaribie lengo kwa ubavu. Kila baada ya mapigo machache rudisha sahani shimoni. Ni kazi ya kuchosha, najua, lakini ile dakika moja ya kupima ndiyo inayookoa punje.

Udongo nao una amri yake. Mchanga mwekundu wa Dodoma unachimbika kwa koleo hata kiangazi, ila kuta zake humomonyoka, basi panua mdomo wa shimo mapema. Udongo mweusi wa mbuga ni habari nyingine. Kuanzia mwezi wa sita hupasuka nyufa na kuwa mgumu kiasi cha kuhitaji mtalimbo, na mvua zikianza mwishoni mwa mwaka hugeuka ulimbo unaoshika kila zana. Humo mimi huenda wiki chache baada ya mvua kuisha, ukiwa bado na unyevunyevu kidogo. Kwenye makorongo lengo kubwa ni mwamba wa chini, kwa kuwa dhahabu ni nzito, mara 19 ya uzito wa maji, na ikisombwa hushuka mpaka izuiwe. Ukifika mwamba weka sururu pembeni. Zile nyufa zisafishwe kwa waya mnene uliopindwa ncha na brashi, polepole.

Mlio ukishahamia kwenye kifusi, gawa. Chota kikombe kimoja, kipitishe juu ya sahani. Kimenyamaza? Mwaga. Kimelia? Mimina nusu kiganjani, pitisha kikombe tena, hivyo hivyo mpaka kibaki kiganja kimoja cha udongo kinacholia. Hapo ndipo moyo unadunda. Pitisha sumaku kwanza. Mimi natumia ya spika ya redio iliyokufa. Inachonasa ni msumari au kokoto ya chuma. Dhahabu hainaswi.

Misumari utaikuta mingi, usikate tamaa. Sekenke, kule Iramba, dhahabu ilianza kuchimbwa tangu wakati wa Wajerumani, mwaka 1909, na kila kizazi kilichopita ukanda huu kimeacha mikebe na vipande vya majembe. Chimba kila mlio miezi yako ya mwanzo, hata unaoamini ni takataka. Ndivyo sikio linavyojifunza.

Kabla hujaingia popote, hakikisha eneo lina leseni na mwenye leseni amekukubali. Tume ya Madini makao yake yako hapa hapa Dodoma, nenda ukaulize. Makaburi usiyaguse, wala usipeleke mashine kwenye michoro ya miambani ya Kondoa. Vitu vya kale vina sheria yake tangu 1964.

Na fukia. Kuna bonde moja tuliloruhusiwa na wenyeji kwa roho nyeupe, likawa linalia vizuri sana. Mwenzetu mmoja akaacha shimo la kina cha goti, usiku ndama akatumbukia akavunjika mguu. Mzee mwenye mifugo hakugombana na mtu. Alikuja asubuhi akasimama pale shimoni, akatuomba tuondoke. Tulimlipa ndama wake, lakini bonde lile hatujarudi mpaka leo. Siku hizi koleo ndiyo zana yangu ya mwisho kutoka mkononi kila jioni.