Ukitaka kusikika kwenye bajeti ya kaunti, usingoje Aprili

Ikifika Aprili na Mei, vikundi vya WhatsApp hujaa ujumbe wa aina moja: "Kikao cha ushiriki wa umma kuhusu bajeti, kwa chifu, saa tatu asubuhi, tafadhali sambaza." Watu huenda. Wanasubiri wakubwa hadi saa tano, wanasikiliza hotuba kuhusu ustawi na ajira kwa vijana, wanaomba barabara, zahanati na maji, wanakunywa soda na kurudi nyumbani. Juni bajeti inapitishwa, na walichoomba hakimo. Mwaka unaofuata nusu yao hawaji, na siwalaumu.

Mimi bado naenda. Nimekuwa nikihudhuria vikao hivi hapa Pwani ya Kenya tangu miaka ya mwanzo ya ugatuzi, mara nyingi nikiwakilisha kikundi cha wafanyabiashara wa soko, na kama kuna jambo moja ningependa kila mtu alijue ni hili: kikao cha Aprili ndicho chenye watu wengi zaidi na ndicho chenye uwezo mdogo zaidi wa kubadilisha chochote.

Ukitaka kujua kwa nini, fuata tarehe. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, safari ya bajeti ya kaunti huanza mapema mno. Kufikia Septemba 1, serikali ya kaunti inapaswa kuwa imewasilisha kwa bunge la kaunti mpango wa maendeleo wa mwaka wa fedha unaofuata. Humo ndimo miradi inapotajwa. Kufikia Februari 28 unakuja waraka wa mkakati wa fedha, unaosema afya ipate kiasi gani, kilimo kiasi gani, biashara na masoko kiasi gani. Makadirio yenyewe ya bajeti, yale ambayo sisi huitwa kuyajadili, hufika bungeni kufikia Aprili 30, na Juni 30 lazima yawe yamepita kwa sababu mwaka wa fedha huanza Julai 1.

Sasa kuna kanuni ya mwaka wa 2015 ambayo sijawahi kuisikia ikitajwa na afisa yeyote kwenye kikao. Bunge la kaunti likitaka kubadilisha makadirio hayo, haliruhusiwi kuongeza wala kupunguza fungu lolote kwa zaidi ya asilimia 1 ya kikomo chake. Asilimia moja! Tuseme idara ya biashara imewekewa kikomo cha Sh200 milioni. Waheshimiwa wote wakikubaliana kwa kauli moja, wanaweza kusogeza Sh2 milioni. Wewe umesimama mwezi wa Mei unaomba ghala la baridi la samaki, na mwakilishi wadi wako anaitikia kwa kichwa huku akijua vizuri kwamba hana mahali pa kuitoa hiyo pesa.

Kwa hivyo peleka ombi la mradi kabla ya Septemba, na malalamiko ya idara kupewa pesa kidogo uyapeleke Januari na Februari. Sheria inaitaka Hazina ya kaunti izingatie maoni ya umma inapoandaa ule waraka wa Februari. Shida ni kwamba wakati huo hakuna gari la kipaza sauti linalopita mitaani. Ni lazima uulize mwenyewe. Piga simu kwa msimamizi wa wadi, pita ofisi ya karani wa bunge, uliza lini na wapi. Ukiambiwa vikao bado havijapangwa, andika barua. Maoni ya maandishi hayahitaji hema wala viti.

Na usiende mikono mitupu. Omba nakala ya waraka unaojadiliwa siku kadhaa kabla. Mara nyingi utaambiwa uko kwenye tovuti, nawe ukiingia tovuti hukuti kitu. Hapo ndipo Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inapokufaa: unaandika ombi, na afisa ana siku 21 za kukujibu. Akikaa kimya, Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman, hupokea malalamiko. Nyaraka zenyewe huwa za Kiingereza kizito, kurasa mia na zaidi. Usione haya kudai muhtasari wa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha rasmi sawa na Kiingereza, na nimeona maafisa wakilainika ukikitaja kifungu hicho kwa adabu.

Ukishaipata nakala, usiisome yote kama riwaya. Nenda moja kwa moja kwenye jedwali la wadi yako, kisha kwenye jedwali linalotenganisha matumizi ya kawaida na ya maendeleo. Kaunti inatakiwa kutenga angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo, na mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yake. Lakini kutenga si kutumia. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti hutoka kila robo mwaka na huonyesha kila kaunti imetumia kiasi gani hasa kwenye maendeleo. Chapisha ukurasa wa kaunti yako tu. Mtu mwenye karatasi ya Mdhibiti mkononi hujibiwa tofauti na mtu mwenye uchungu tu, na hili si haki, lakini ndivyo lilivyo.

Jambo jingine linalotupotezea muda ni kuomba kisicho cha kaunti. Nimeona saa nzima ikiishia kwenye madarasa ya sekondari na kituo cha polisi, vitu ambavyo Jedwali la Nne la Katiba limeiachia serikali ya kitaifa. Chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati, masoko, kilimo, maji, barabara za kaunti: hayo ndiyo yao. Kila dakika inayoishia kwenye jambo la mbunge, afisa wa kaunti anapumua.

Nije kwenye soko, maana ndiko nilikojifunzia mengi ya haya. Kaunti hupenda kujenga soko la kisasa. Jengo lina bango, lina siku ya uzinduzi, lina picha. Akina mama wanaouza maembe na dagaa hawaombi jengo. Wanaomba choo kinachofungika, mtaro usiofurika mvua za masika, na taa, kwa sababu wateja wenye pesa hupita jioni wakitoka kazini. Miaka nenda miaka rudi tuliomba kwa mdomo. Kilichobadilisha mazungumzo ni hesabu. Chukua soko la wachuuzi 120, kila mmoja akitoa ushuru wa Sh50 kila siku ya gulio, na gulio ni mara mbili kwa wiki. Hiyo ni Sh12,000 kwa wiki, zaidi ya Sh600,000 kwa mwaka. Weka hesabu kama hiyo kwenye ukurasa mmoja, kisha uliza: kati ya hizi, ngapi zimerudi sokoni? Ongeza kwamba gulio likisimama siku mbili za mafuriko kwa mwezi, kaunti nayo inakosa ushuru wake. Ghafla mtaro unakuwa suala la mapato, na afisa wa mapato ana hamu ya kusikiliza kuliko afisa wa ujenzi.

Maana kaunti zina njaa ya mapato. Katiba inazihakikishia kwa pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya kitaifa, yakipimwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Mgao halisi huwa mkubwa kuliko huo, lakini hutikisika na mambo ya Nairobi. Mwaka wa 2024/25 kaunti zote 47 zilikuwa zigawane Sh400.1 bilioni, lakini Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kodi za kitaifa, ulipoondolewa, kiasi hicho kikateremshwa hadi Sh387.4 bilioni. Pengo la namna hiyo likitokea, macho yanageukia leseni za biashara, maegesho, na cess, yaani ushuru wa mazao yanayosafirishwa barabarani.

Ndiyo maana nasema usikose kikao cha mswada wa fedha wa kaunti, ule unaoweka ada. Huwa na watu wachache kwa sababu hauna mradi wa kugawa, na hapo ndipo mfuko wako unapoguswa. Ukidhani mahakama hupuuza mambo haya, kumbuka Kiambu. Mwaka wa 2014 Jaji George Odunga aliifuta Sheria ya Fedha ya kaunti hiyo ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Alisema tangazo la gazetini halitoshi, na kwamba mabunge ya kaunti yawafikie watu makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na kupitia redio za lugha zao. Mkiitwa leo kwa kikao cha kesho, iandikeni hukumu hiyo kwenye barua yenu ya malalamiko.

Kuna swali moja ambalo huulizwa mara chache na ningependa liulizwe kila mahali: kaunti inadaiwa kiasi gani na wakandarasi na wauzaji wa hapa hapa? Namjua kijana aliyepeleka viti na meza kwa ofisi ya umma, akachukua mkopo kwa ajili ya kazi hiyo, na malipo yakakawia hadi akauza pikipiki yake. Halafu tunaitwa kwenye semina ya kuwafundisha vijana ujasiriamali. Nikiulizwa ni mageuzi gani ya uchumi yangeingiza pesa mitaani upesi, ningejibu: lipeni mlichonunua. Uliza orodha ya madeni hayo, ya zamani zaidi yalipwe kwanza, na uulize kwa nini mradi mpya unaanzishwa kabla wa zamani haujalipwa.

Kuhusu kuongea kwenyewe. Kutaneni siku moja kabla, hata kama ni chini ya mwembe, mchague jambo moja. La pili likiwa la lazima, basi mawili. Mmoja alitaje, wa pili aliunge mkono kwa mfano wa nyumbani kwake, wa tatu akabidhi karatasi. Kwetu wazee huanza, na ni sawa, lakini mkubaliane mapema kwamba mama wa sokoni atapewa nafasi kabla ya kadhi na mwalimu mkuu kumaliza muda. Msimshambulie afisa aliyetumwa. Mara nyingi ni kijana wa mipango asiye na uamuzi wowote, na ndiye atakayeandika kumbukumbu za kikao. Salamu nzuri, "shikamoo mwenyekiti," halafu swali lenye tarakimu.

Angalia pia karatasi ya mahudhurio. Ina safu za jina, kitambulisho, simu na sahihi, na ikitoka hapo ndiyo ushahidi wa kaunti kwamba mlishirikishwa. Isainiwe mwanzoni, isiwe mwishoni pamoja na soda, na mtu wenu apige picha ya ukurasa wa mwisho ili majina yasije yakaongezeka njiani. Kumbukumbu za kikao nazo ziombwe. Makueni, ambako wengi wetu huelekezwa kama mfano, mikutano huanzia kijijini na kupanda hadi ngazi ya kaunti, na kamati za wananchi hufuatilia miradi inapojengwa. Huko kuuliza "mlisema nini mwaka jana na kimefika wapi?" si ukorofi.

Na kuna mlango ambao wengi hawaujui kabisa. Kifungu cha 137 cha Sheria ile ile ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinataka kila kaunti iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi. Mwenyekiti ni gavana, wamo mawaziri wake wa kaunti, na wamo raia wa idadi sawa na mawaziri hao, waliopendekezwa na mashirika ya wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Hao wanakaa na gavana nyaraka zikiwa bado rasimu. Jiulize: anayewakilisha wafanyabiashara kwenu ni nani? Ukimpata jina, mtafute mwezi wa Novemba au Desemba, kabla waraka wa Februari haujafungwa, umpe ule ukurasa wenu mmoja wa hesabu. Kama kaunti yenu haina jukwaa hilo, au lipo kwa jina tu, andika kwa karani wa bunge la kaunti uulize limekutana lini mara ya mwisho. Barua iwe nakala mbili, moja wabaki nayo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa uondoke nayo.