Maswali yenu: ndege za resini

Nimezoea kuunda ndege ndogo za mfano za plastiki. Mbona za resini ni ghali hivyo?
Plastiki hutoka kiwandani kwa maelfu. Resini, utomvu wa kemikali unaoganda ukawa mgumu, humiminwa kwa mkono kwenye kalibu ya silikoni, na kalibu yenyewe huchakaa upesi. Faida yake ni kwamba unapata ndege ambazo viwanda vikubwa havihangaiki nazo. Gundi ya plastiki weka kando, haitashika. Tumia supa gluu au epoksi.

Rangi inabanduka nikigusa tu.
Hukuosha vipande. Hutoka kwenye kalibu vikiwa na mafuta. Visugue kwa mswaki wa zamani, maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, vikauke kabisa, ndipo upige andakoti, yaani rangi ya chini.

Bawa limepinda.
Litumbukize kwenye maji ya moto, linyooshe taratibu, kisha kwenye maji baridi ukiwa bado umelishikilia.

Nataka Super VC10, ile ndege ya abiria ya East African Airways, skeli ya 1/144 (ndogo mara 144 kuliko halisi). Nijiandae na nini?
Umechagua vizuri, ingawa ni ndege yenye kiburi. Ile halisi ilikuwa na urefu wa mita 52 na ushei, kwa hiyo yako itafika sentimita 36. Injini zote nne ziko nyuma, na mkia ni mrefu. Usipoweka uzito puani itakaa kitako. Chubwi za wavuvi zinafaa sana. Kabla ya kugandisha, shikiza vipande kwa utepe, weka penseli chini ya mahali pa magurudumu makuu, kisha ongeza chubwi mpaka pua ishuke. Kama kiwiliwili kimemiminwa kizima, toboa puani kwanza. Miguu nayo iwe ya waya wa shaba au chuma, maana ya resini tupu itapinda kwa uzito huo.

Halafu namba za usajili. Shirika lilikuwa na Super VC10 tano, zikasajiliwa katika nchi zote tatu zilizolimiliki: 5H Tanzania, 5X Uganda, 5Y Kenya. Chagua moja, tuseme 5H-MMT, utafute picha yake ya miaka hiyo kabla shirika halijavunjika 1977. Stika za namba za "karibu kufanana" mimi sizitaki.

Mke wangu hataki nipige msasa sebuleni.
Ana haki. Vumbi la resini ni baya kwa mapafu. Lowesha msasa, vaa barakoa, hamia uani.