Mwanangu, huyo kifaranga usimharakishe

Kamwene mwanangu,

Meseji yako nimeisoma jana usiku, nikaona kukujibu kwa vipande vipande nitachoka, bora niandike moja ndefu uisome ukiwa umekaa. Umesema kicheche kaingia kala vifaranga na mama yao, amebaki huyo mmoja wa wiki 3, unamlaza jikoni kwenye boksi, na juzi ulipompeleka bandani kwa wale kuku wako 7 wakamdonoa mpaka akajibana nyuma ya ndoo. Unauliza wana roho mbaya au wamemwona ana ugonjwa. Wala. Kuku wana ukubwa wao, kila mmoja anajua nani anaanza kula na nani anasubiri, nani analala juu nani chini, sasa akitokea mgeni lazima aonyeshwe nafasi yake, na mgeni mwenyewe akiwa saizi ya ngumi akionyeshwa nafasi yake anakufa.

Mi mwenyewe nilishaua mmoja hivyo hivyo. Ulikuwa mdogo hukumbuki. Nilimwonea huruma analia peke yake nikamwingiza saa sita mchana, nikaenda zangu kupalilia viazi, narudi nakuta kichwani hana ngozi. Nililia mwanangu, baba yako akanicheka mpaka leo ananikumbushia. Kwa hiyo hapa huruma weka pembeni.

Kwanza joto, maana baridi ya huko Uyole huu mwezi wa saba haina tofauti kubwa na ya huku kwetu Mafinga. Bwana mifugo alituambiaga wiki ya kwanza nyuzi 32 mpaka 35, afu kila wiki unashusha kama nyuzi 3, ila mi kipimo sina, namwangalia kifaranga mwenyewe. Akijikunyata chini ya taa analia ujue ana baridi, akikaa mbali kaachama mdomo na mabawa kayaachia ujue umemzidishia, akiwa anazunguka anaparua maranda basi hapo yuko sawa. Taa yenyewe iwe ile balbu ya zamani, hizi za kubana umeme zinawaka tu joto hamna. Umeme ukikatika jaza chupa maji ya moto uifunge kwenye khanga umwekee, usije ukawasha jiko la mkaa ukalifungia ndani usiku, hewa yake inaua watu sembuse kifaranga. Akishafunga manyoya mwili mzima, hapo kwenye wiki ya 6 hivi, taa unatoa.

Upweke nao anausikia kweli, sio deko. Jirani akiwa na kifaranga wa umri huo muombe au nunua, wawili watakuwa rahisi hata kuwaingiza. Wa mnadani sitaki, utaleta ugonjwa wa mdondo nyumbani. Ukikosa kabisa mwekee kioo kidogo, utacheka lakini atalala amekiegemea.

Chakula ni stata, kile cha vifaranga. Usimpe cha kuku wanaotaga, kile kina chokaa nyingi inamuharibu figo. Na siku ukiwachanganya wote wape cha kuku wanaokua, afu maganda ya mayai yasage uweke kwenye chombo chake pembeni, wenye kutaga watajichukulia wenyewe. Chanjo ya mdondo ya tone la jicho unarudia kila miezi mitatu, kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kwa hiyo changa na majirani.

Sasa hilo la kuwachanganya. Kwenye wiki ya 6 jua likiwaka anza kumtoa mchana, umfunike na tenga la nyanya, lile la mianzi la Ilula, ulipindue palepale wanaposhinda wakubwa na uweke jiwe juu, chakula na maji yake humo humo. Watakuja kuchungulia, watazunguka, jogoo atajifanya kuimba, lakini mdomo haufiki. Jioni unamrudisha ndani. Fanya hivyo wiki mbili au hata tatu mpaka uone wanapita kama hawamuoni, wanachakura karibu yake na wala hawageuzi shingo. Lakini bado usimwachie! Wa kienyeji wanakua taratibu, usihesabu wiki tu, angalia mwili, afike angalau theluthi mbili ya tetea wako.

Siku ya kumwingiza ngoja giza, wameshalala, mbebe polepole umweke kwenye mti wa kulalia pembeni ya yule mpole (we ndo unajua ni nani) afu uondoke bila tochi. Asubuhi amka kabla yao uwe pale. Chakula weka sehemu mbili na maji sehemu mbili, na lile tenga liache hapo hapo ila sasa liinue upande mmoja kwa nusu tofali, yeye apite wakubwa wasipite. Wangu mwingine alikuwa akidonolewa anachomoka mbio mpaka chini ya tenga, anatulia, anachungulia, anatoka tena. Siku kama nne hivi, ya tano namkuta anaoga vumbi katikati yao.

Kudonolewa kidogo acha, usiingilie kila saa. Ila ukiona damu mtoe hapohapo, kuku wakiona wekundu hawaachi, mpake GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, na umrudishe kwenye tenga mpaka kidonda kikauke.

Na hilo banda zibe kwanza alipopita kicheche, maana atarudi.

Tenga ninalo, kesho asubuhi nampa kondakta, ukalipokee stendi ya Nane Nane. Ndani nimekuwekea mahindi mabichi na maranda kwenye mfuko, mahindi ni ya kwako usiwape kuku.

Mama yako