Kwa nini else inakudanganya baada ya TypeIs

Swali: funksheni ya Python ya kupima imepita mypy na pyright (vikaguzi vya aina) bila lawama, lakini programu inaanguka kwenye else. Kodi kwa ufupi:

```
def umri_halali(x: int | str) -> TypeIs[int]:
    return isinstance(x, int) and x >= 0

if umri_halali(x):
    hifadhi(x)
else:
    print(x.strip())
```

Ukiingiza -5 unapata AttributeError, kwa kuwa int haina strip.

Kikaguzi cha aina hakijakosea. TypeIs[int] ni ahadi ya pande mbili: ikirudi True, x ni int; ikirudi False, x si int. Funksheni hii inatimiza upande wa kwanza tu. Inapoikataa -5, kikaguzi kinaondoa int kwenye int | str na kubakiza str. Wala hakichunguzi kama mwili wa funksheni unatimiza ahadi hiyo. Hata ungeandika `return True` kingekubali.

Tiba ya haraka ni TypeGuard[int], iliyoingia Python 3.10 kupitia PEP 647 (pendekezo rasmi la kuboresha Python). Yenyewe inaahidi upande wa True pekee, hivyo kwenye else x inabaki int | str na strip inakamatwa kabla ya kuendesha programu. Ina gharama yake: inafuta aina ya awali na kuweka uliyoitaja. x ikiwa bool | str, TypeGuard[int] inakupa int, ilhali TypeIs[int] inakupa bool, maana bool ni aina ndogo ya int. (TypeIs imo kwenye Python 3.13, matoleo ya nyuma tumia maktaba ya typing_extensions 4.10 kwenda juu.)

Mimi ningetenganisha aina na thamani. Acha TypeIs ipime aina peke yake, kisha andika `if ni_int(x) and x >= 0`; else itabaki int | str bila ujanja wowote. Kama sharti la umri linatumika sehemu nyingi, lipe aina yake kwa NewType, ambayo kikaguzi huiona kama aina ndogo ya int:

```
Umri = NewType("Umri", int)
def umri_halali(x: int | str) -> TypeIs[Umri]: ...
```

Sasa False inamaanisha "si Umri", jambo ambalo ni kweli kwa -5, na hifadhi() inaweza kudai Umri badala ya int yoyote. Usifanye hivi kwa vitu vinavyobadilika: orodha uliyoipima kuwa si tupu ikipigwa pop() inaweza kuwa tupu huku aina ikiendelea kudai vinginevyo.

Kwa list[object] kwenda list[str], TypeIs itakataliwa, kwani list[str] si aina ndogo ya list[object]. Hapo TypeGuard ndiyo njia, au pokea Sequence[object] (mfuatano wa kusoma tu) na urudishe TypeIs[Sequence[str]].

Kinachobanwa, yaani kinachopunguziwa aina zinazowezekana, ni hoja ya kwanza tu ya funksheni. Kwenye methodi, ile inayofuata self. Na ukiipa x thamani mpya baada ya kipimo, usitegemee ubanaji huo ndani ya lambda.

Kabla ya kuamini funksheni yoyote ya namna hii, weka reveal_type(x), inayofanya kikaguzi kikuonyeshe aina kinayoiona, kwenye matawi yote mawili. Watu wengi huiweka kwenye if pekee. Iondoe kabla ya kuendesha, au iingize kutoka typing (3.11 kwenda juu), vinginevyo utakutana na NameError.